Goti Lililopona Si Goti Lililo Tayari

Mechi ya TP Mazembe na FC Saint-Éloi Lupopo inapokaribia, Lubumbashi nzima huwa na swali moja kuhusu mchezaji aliyepasuliwa goti: atakuwepo? Kocha, ndugu wa mchezaji na mashabiki wa mtaa wa Kamalondo wote huhesabu miezi. Miezi lazima ihesabiwe, ila peke yake haitoshi kumrudisha mtu uwanjani.

Jeraha tunalolizungumzia ni la kukatika kwa ligamenti ya mbele ya msalaba, iliyo katikati ya goti, ambayo huzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu. Anakimbia, anasimama ghafla, anageuka huku mguu umekita chini, goti linapinda kuelekea ndani. Husikia mlio, na baada ya saa chache goti limevimba. Wanawake wanaocheza mpira wanaumia hivi angalau mara mbili zaidi ya wanaume. Mji wetu una sababu ya kulizingatia hilo, kwa kuwa timu ya wanawake ya TP Mazembe ndiyo iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2024.

Daktari anapopasua, kwa kawaida huchukua kipande cha tendoni ya mchezaji mwenyewe, cha mbele ya goti au cha nyuma ya paja, na kukiweka mahali pa ligamenti iliyokatika. Mwanzoni kipande hicho hakina mishipa ya damu, na katika wiki za mwanzo hulegea kabla ya kupata nguvu. Mwili huchukua miezi mingi kukigeuza kuwa ligamenti. Maumivu, kwa upande wao, huisha mapema. Mwezi wa nne au wa tano mchezaji anakimbia vizuri, anacheka, anaomba jezi, na ndani ya goti kazi bado haijaisha.

Yannick Bolasie, aliyekuwa winga wa Leopards, timu ya taifa ya Kongo, aliumia goti akiichezea Everton dhidi ya Manchester United tarehe 4 Desemba 2016. Akakosa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2017 nchini Gabon, na hakurudi uwanjani hadi tarehe 26 Desemba 2017. Mbwana Samatta, aliyeng'ara hapa Mazembe, alinunuliwa na Aston Villa Januari 2020 baada ya mshambuliaji wao Wesley kuumia goti siku ya mwaka mpya. Wesley alikaa nje zaidi ya mwaka. Klabu hizo zina madaktari na mashine za kila aina, na bado zilisubiri.

Zilikuwa na sababu. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi unaoongezwa kabla ya kurudi, hadi mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Katika utafiti huohuo, kati ya waliorudi bila kufaulu majaribio ya utayari wa goti, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu, chini ya asilimia 6.

Majaribio mengi hayahitaji mashine ya bei kubwa. Mtaalamu wa mazoezi ya tiba, tunayemwita kine, anaweza kuyafanya kwa futi ya kupimia na benchi. Mchezaji aruke kwa mguu mmoja, mara moja, kisha mara tatu mfululizo, umbali upimwe; mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwingine. Ainuke kutoka kwenye benchi kwa mguu mmoja hadi achoke, idadi ilinganishwe. Anapotua, goti lisipinde kuelekea ndani. Kesho yake goti lisivimbe. Tahadhari moja: mguu usioumia nao hudhoofika kwa kukaa, hivyo mtu anaweza kufikia asilimia 90 ya mguu ambao wenyewe ni dhaifu.

Baada ya hapo hatua zifuatane: kukimbia kwa mstari ulionyooka, kugeuka, mpira, mazoezi na timu bila kugongana, mazoezi kamili, ndipo dakika chache za mechi.

Kuna pia hofu. Wanamichezo wanne kati ya watano hurudi kwenye mchezo wa namna fulani, lakini wanaorudi kwenye mashindano ni kama nusu tu, na woga wa kuumia tena ni mojawapo ya sababu kubwa. Mchezaji aliyeachwa nyumbani miezi tisa huikuza hofu hiyo peke yake. Kocha amwite mazoezini, ampe kazi, amwache akae na wenzake. Jamaa nao waache kumuuliza kila siku atacheza lini.

Kabla ya kuandika jina lake kwenye orodha, kocha, uliza mambo matatu. Miezi tisa imetimia? Majaribio amefaulu? Mwenyewe anauamini mguu wake? Jibu moja likiwa hapana, mwache asubiri. Mechi ya Mazembe na Lupopo itachezwa tena.