KADENA YA KAPO: SABABU YAKE NA NAMNA YA KUIWEKA



Wengi wenu mumeona vile vyuma viwili na kufuli kwenye sehemu ya mbele ya motokari ya shule. Wadogo wetu waliofika mwaka huu wanatuuliza: «Hii kadena ya kapo ni ya nini? Milango si inafungwa?» Tumeona ni vizuri kueleza, maana jambo hili linatuhusu wote.

Wale waliokuwa hapa mwaka jana wanakumbuka ile usiku ya mvua. Mwanafunzi mmoja wa internati alishikwa na malaria kali, akatetemeka mwili mzima na kusema maneno yasiyoeleweka. Saa kumi za usiku tulimwamsha Papa shofere. Akageuza ufunguo: kimya. Akageuza tena: kimya. Akafungua kapo, akamulika na tochi, akasema tu: «Bateri haiko.» Waya zake zilikuwa zimekatwa. Lakini milango ilikuwa imefungwa, na vioo vilikuwa vizima. Tulimbeba mgonjwa kwa kipoyi, tukafika hospitali jua limekwisha kutoka. Mungu alimsaidia, akapona.

Asubuhi ile kukaanza shida ingine. Watu wakasema: ni zamu. Wengine wakasema: hapana, ni wanafunzi wa seksio ya umeme. Mizigo ya zamu ikafunguliwa mbele ya watu, na yeye ni mzee wa kanisa. Hakuna kitu kilichoonekana. Mwizi hajulikani mpaka leo.

KAPO INAFUNGWA NAMNA GANI?

Katika motokari nyingi, chini ya tablo, karibu na miguu ya shofere, kuna kipini kidogo. Ukikivuta, kinavuta kable, ni kusema uzi wa chuma unaopita ndani ya mpira mpaka mbele. Kable inafungua kitasa, na resori inainua kapo kidogo tu. Halafu unaingiza vidole na kusukuma ndoano ya pili, ndipo kapo inafunguka kabisa. Ile ndoano haikuwekwa juu ya mwizi. Kazi yake ni kuzuia kapo isiinuliwe na upepo wakati motokari inakimbia, ikafunika kioo cha mbele.

Basi munaona: mlango una ufunguo, lakini kapo yenyewe inashikwa na uzi tu. Na uzi huo, au kitasa chake, mara nyingi mtu anaweza kukifikia toka nje akiwa na nafasi na giza. Motokari za zamani zilikuwa wazi zaidi. Jeep ya vita ya 1941 mpaka 1945 ina vishikizo vya nje tu. Land Rover Series, zilizotengenezwa toka 1948 mpaka 1985, kapo yake inafunguliwa toka mbele, kwa mkono.

MWIZI ANATAFUTA NINI?

Kwanza bateri. Ndani ya bateri ya motokari kuna vyumba sita, kila kimoja volti 2 hivi, jumla 12. Kamyo kubwa mara nyingi inatumia bateri mbili, volti 24. Mahali pengi kwetu umeme haufiki, kwa hiyo bateri inawasha taa, inaimbisha redio, inachaji simu. Hata ikikufa, risasi iliyo ndani yake inauzwa. Na kuitoa ni kazi ya dakika chache.

Lakini kuna ubaya kupita wizi. Chini ya kapo kuna kikopo cha mafuta ya freni. Mtu akitia humo mafuta ya moteri, hata kwa mchezo, mipira ya freni inavimba na freni inaweza kukataa. Mtu akilegeza kifuniko cha radiateri, maji yanaisha njiani na moteri inaungua. Motokari iliyoibiwa bateri haitoki shuleni. Ile iliyoharibiwa freni inatoka, na watu wako ndani.

TULIFANYA NINI?

1. Fundi aliweka chuma chenye tundu kwenye kapo, na kingine kwenye ubao wa mbele. Kufuli inapita katika tundu zote mbili. Sasa hata kable ikivutwa, kapo haiinuki. Kabla ya kutoboa, alitazama chini yake vizuri asipige radiateri wala waya. Bulo zinafungiwa ndani, ili mtu asizifungue toka nje. Tundu zilipakwa rangi, zisile kutu. Anayetaka kuunga vyuma hivi kwa moto atoe kwanza waya za bateri na za alternateri, la sivyo alternateri inaweza kuungua.

2. Bateri ilifungwa ndani ya fremu ya chuma yenye kufuli ndogo. Fremu isiguse vichwa vya bateri, maana cheche zinatoka na moto unaweza kuwaka. Tena iache hewa ipite, kwa sababu bateri ikichajiwa inatoa gazi yenye kuwaka.

3. Jina la shule liliandikwa juu ya bateri, na namba yake iko katika daftari.

4. Usiku motokari inawekwa karibu na taa, pua yake ikielekea ukuta. Kapo inafungukia mbele, kwa hiyo mwizi anakosa mahali pa kusimama.

5. Kable na ndoano vinatiwa mafuta kila mwezi. Kufuli haichukui kazi ya ndoano. Ndoano ikivunjika, motokari isitoke.

UFUNGUO NA DAFTARI

Kufuli nayo inaweza kuleta shida. Wiki ya kwanza, ufunguo ulibaki katika suruali ingine ya Papa shofere, na sisi tukangojea mihogo mpaka saa nane. Siku hiyo tulicheka. Lakini kama waya inatoa moshi njiani, hakuna wakati wa kutafuta suruali. Kwa hiyo ufunguo wa kapo unakaa pamoja na ule wa moteri, na wa pili uko katika ofisi ya Bwana Prefe, ndani ya bahasha. Na kama moto umekwisha kuwaka chini ya kapo, musiifungue yote, maana hewa inaongeza moto.

Daftari ilikuwa mawazo ya Papa zamu mwenyewe. Alisema: «Kufuli ni muzuri, bana, lakini munipe na karatasi.» Sasa kila jioni shofere anafungua kapo, wote wawili wanatazama bateri, wanafunga, wanatia sahihi. Asubuhi tena. Bateri ikikosekana leo, tunajua ilikuwa hapo saa ngapi na nani aliiona. Hakuna tena kufungua mizigo ya mtu kwa sababu ya maneno ya watu.

Tunapaswa kusema neno moja zaidi. Mizigo ya Papa zamu ilifunguliwa mbele ya watu, na wengi wetu tulisimama pale tukitazama, wengine wakicheka. Mpaka sasa hakuna aliyemwomba msamaha mbele ya watu. Sisi wa mwaka wa mwisho tumepatana kufanya hivyo Jumatatu baada ya ibada ya asubuhi, na vijana wa seksio ya umeme watasimama pamoja nasi.

Kwenu wadogo wetu: musikae juu ya kapo, musichezee kufuli, na mukiona kapo imeinuka hata kidogo, mumwambie shofere kabla hajawasha. Mwenye swali aje kutuona internati baada ya chakula cha jioni.

Kapita wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa mwisho