Miji ya Kaskazini ya Ujerumani kwa Jicho la Askari

Askari apatapo likizo huenda kwao akalime au akalale usingizi aliokosa zamuni. Sisi, mume na mke, safari hii tulifanya vingine. Tulikodi mjini Hamburg gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, tukazunguka nalo katika miji ya kaskazini ya Ujerumani kwa muda wa siku tisa. Gari la namna hiyo ni kambi ndogo yenye magurudumu. Usiku huegeshwa mahali palipotengwa, mara nyingi kando ya mto au bandari, na asubuhi maji machafu humwagwa pale palipoandikwa wala si kwingineko. Aliyelelewa kambini hapati taabu.

Tulianzia Lüneburg, mji uliotajirishwa na chumvi. Chumvi hiyo ilipelekwa Lübeck, nayo ikavushwa bahari kwenda kuhifadhi samaki wa mataifa ya kaskazini. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 1980, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamechotwa chini ya mji kwa karne nyingi, hata ardhi ikatitia na nyumba kadhaa zikainama kama walevi. Karibu na mji huo kuna kilima kiitwacho Timeloberg. Hapo, tarehe 4 Mei 1945, Admirali von Friedeburg alitia saini mbele ya Jemadari Montgomery hati ya kuyasalimisha majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Uholanzi, Denmark na kaskazini-magharibi ya nchi yao.

Huko Lübeck tulikawia zaidi. Lango la Holstentor lilijengwa kati ya mwaka 1464 na 1478, nalo lina jambo linalomfaa kila mlinzi kulitazama: ukuta unaoelekea nje una unene wa zaidi ya mita tatu, bali ule unaoelekea mjini haufiki hata mita moja. Waliolijenga walijua adui yao angetokea upande gani. Ubaya ni kwamba walilisimamisha juu ya ardhi ya kinamasi, nayo minara yake imezama na kwenda upande.

Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la Mtakatifu Maria. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliushambulia mji kwa mabomu, kanisa likashika moto, na kengele zikaporomoka kutoka mnarani. Wenyewe wamelijenga upya kanisa, lakini kengele wameziacha pale pale zilipoangukia, zimevunjika na kupondeka. Watu husimama mbele yake kimya. Kwa maoni yetu, hakuna sanamu ya jemadari juu ya farasi inayofundisha zaidi ya hizo.

Mashariki ya mji, pale Schlutup, palikuwa kivuko cha mpaka kati ya Ujerumani mbili hadi mwaka 1990. Sasa pana makumbusho madogo. Enyi ndugu polisi mnaolinda mipaka, lifikirini lango lile la Holstentor, kisha mfikirie mpaka huu: upande wa mashariki, uzio, minara na bunduki vilikusudiwa hasa kuwazuia raia wa ndani wasitoke. Leo magari hupita bila kusimama, na sisi tulipita vivyo hivyo hadi Wismar, mji wa bandari uliotawaliwa na Wasweden tangu mwaka 1648, ambako tulikula samaki wa kukaanga na kulala mapema.

Tuliporejea Hamburg tulikwenda mtaa wa Jenfeld, kwenye kambi ya zamani iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck. Huyo ndiye aliyepigana na Waingereza kutoka Tanganyika hadi Msumbiji, akasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wazungu 155 na askari weusi 1,168, mbali na wapagazi. Askari wa kwetu Uganda, waliokuwa katika King's African Rifles, walikuwa upande wa pili wa bunduki hizo.

Kando ya kambi hiyo ipo bustani iitwayo Tansania-Park, na ndani yake zimesimamishwa nakshi kubwa za udongo uliochomwa, zilizochongwa na von Ruckteschell, aliyetumika chini ya Lettow-Vorbeck mwenyewe. Zinaonyesha askari weusi wakiongozwa na afisa Mzungu, pamoja na wapagazi waliochukua mizigo. Lango lilikuwa limefungwa, nasi tukachungulia kupitia uzio.

Mama watoto alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza:

"Baba watoto, huyu mwenye mzigo aliitwa nani?"

Hatukuwa na jina la kumpa.