Soda ilizaliwa duka la dawa, lakini haitibu

Mjini Waco, jimbo la Texas nchini Marekani, lipo jumba la makumbusho ya soda liitwalo Dr Pepper Museum, lililofunguliwa mwaka 1991. Historia inayohifadhiwa humo inaweza kumshangaza msomaji wa Ifakara: kinywaji hicho kilibuniwa mwaka 1885 na mfamasia, Charles Alderton, ndani ya duka la dawa.

Hakuwa peke yake. Mwaka uliofuata, mfamasia John Pemberton wa Atlanta alitengeneza Coca-Cola, ikanadiwa kuwa inatuliza maumivu ya kichwa. Mwaka 1893 mfamasia mwingine, Caleb Bradham, akabuni kinywaji kilichokuja kuitwa Pepsi-Cola, akisema kinasaidia tumbo kusaga chakula.

Sifa hiyo ya udaktari haijafutika. Hata huku bonde la Kilombero, mgonjwa akilazwa, ndugu humpelekea soda ili apate nguvu. Basi tuipime kwa maswali matatu.

Je, inatibu malaria? Swali hili lina msingi wake. Soda chungu ya toniki hutiwa kwinini, dawa itokanayo na magome ya mkwinini, mti ambao Wajerumani waliupanda hata Amani, mkoani Tanga. Lakini Marekani huruhusu kisichozidi miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya toniki. Mtu mzima wa kilo 60 anayetibiwa malaria kwa kwinini huhitaji takriban miligramu 1,800 kwa siku. Angelazimika kunywa zaidi ya lita 21 kila siku, kwa siku 7! Ukihisi homa, nenda ukapime. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto.

Ifakara ina ushahidi wake kuhusu kinachookoa maisha. Maabara iliyoanzishwa na Waswisi ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Utafiti uliofanyika Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Je, inamfaa anayeharisha? Hapana, na hapa ndipo penye hatari kubwa, hasa msimu wa mvua maji machafu yanapoingia visimani. Lita moja ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi pamoja na chumvi zilizopimwa. Lita moja ya soda ya cola ina gramu 106 hivi za sukari, karibu mara nane, na chumvi kidogo mno. Sukari nyingi kiasi hicho huvuta maji kuingia utumbo, na mtoto huzidi kuharisha na kukaukiwa. Mpe ORS na zinki, endelea kumnyonyesha, mpeleke kituo cha afya.

Je, inaongeza nguvu? Chupa ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, sawa na vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ni bora zaidi isizidi 25. Chupa moja tu imeshavuka kiwango hicho bora, bila protini, bila madini ya chuma, bila kuongeza damu.

Ipo nafasi moja ambapo soda yenye sukari husaidia: mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka, anatetemeka na kutoka jasho, lakini bado ana fahamu na anaweza kumeza. Mpe kidogo, kisha apimwe.

Wiki hii ukienda kumjulia hali mgonjwa, muulize muuguzi anachoruhusiwa kula. Akiruhusu, beba uji, papai, au samaki wa Mto Kilombero aliyechemshwa vizuri. Fedha ya soda mnunulie maji safi.