Kwa Nini Mtu Huzirai Aonapo Damu

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya kupimwa damu. Kijana mmoja wa miraba minne aliiona sindano tu, akaanguka puu! Watu wakamwinua haraka na kumkalisha kitini, wengine wakicheka eti ni mwoga. Mimi nasema hakuwa mwoga.

Chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, pana sehemu iitwayo shina la ubongo. Hiyo ndiyo inayosimamia pumzi, mapigo ya moyo na msukumo wa damu, hata tukiwa usingizini. Kutoka hapo hushuka neva iitwayo vagasi, ikapita shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Moyo ukiachiwa hupiga kama mara 100 kwa dakika. Vagasi huufungia breki, ukapiga 70 hivi. Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha, kwa mioyo ya vyura, kwamba neva hiyo humwaga kemikali inayopunguza mapigo.

Sasa, kwa baadhi ya watu, kuona damu huikaza breki hiyo kupita kiasi. Moyo hupunguza mwendo, mishipa ya damu hulegea, na ubongo hukosa damu. Kuanguka kwenyewe ni nusu ya dawa, maana kichwa kikilingana na moyo, damu huufikia ubongo kwa urahisi.

Kwa hiyo aliyezirai, ikiwa anapumua, tusimkalishe. Tumlaze chali, tumwinue miguu. Asipozinduka upesi, tumkimbize hospitali. Kicheko tukiweke akiba.