Sura ya 7: Fundi Wako Anapotaka Kujiajiri

Waajiri hunijia wakiwa na neno moja mdomoni: usaliti. Mmoja, mwenye duka la vipuri, alikuwa ameshamlipa mganga azindike mlango ili kijana wake asiondoke na nyota ya duka. Nyota! Kijana alikuwa na namba za wateja na kumbukumbu ya nani hulipa kwa wakati, mambo ambayo bosi angeyaandika daftarini kwa bei ya kalamu.

Wasomi hawazindiki; wao huongeza mshahara. Nyongeza hiyo mhusika huiweka akiba ya mtaji.

Nilikusudia kuanza na notisi na makabidhiano, lakini kwanza niseme la Steve Wozniak, maana semina zote hulisimulia kombo. Alikuwa mhandisi wa vikokotoo Hewlett-Packard. Mwaka 1976, alipobuni kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, hakuificha. Aliipeleka kwanza kwa wakubwa zake, wakaikataa. Hapo ukumbi hucheka: wajinga hao, wamekataa mabilioni! Upuuzi. Kampuni iliyozoea kuwauzia wahandisi vyombo vilivyokamilika ilikuwa na kila sababu ya kuiogopa bodi tupu, ambayo mnunuzi angeitafutia mwenyewe kasha, kibodi na televisheni. Tena walimwachia kazi yake aende nayo, na huo ni uungwana.

Kosa lilikuwa kwingine. Kampuni ilikuwa na mradi wake wa kompyuta ndogo. Wozniak, kwa simulizi yake, aliomba ahamishiwe huko, akanyimwa. Naye alikuwa mtu aliyetaka kubaki mhandisi pale hadi uzeeni. Mike Markkula, mwenye mtaji, alipomtaka aache kazi ili waijenge Apple, jibu lake la kwanza lilikuwa hapana. Hakuwa na njaa ya biashara hata kidogo. Alitaka meza ya kubunia kompyuta.

Basi muulize fundi wako: kazi gani unaitaka ambayo hapa huipati? Akisema anataka kushona suti nawe hushoni ila sare za shule, mtengee cherehani mgawane faida. Akisema amechoka kuitwa kijana wa fulani, hilo huna dawa yake. Agana naye vizuri, umpe na oda ya kwanza.

Yule wa vipuri nilimsihi aulize. Kumbe kijana alitaka kupeleka mzigo wa jumla mikoani, na stoo hana. Bosi anayo. Leo wanaitumia pamoja, na zindiko bado limefukiwa kizingitini.