Chenga: Ruangwa uwanjani shangwe, mtaani lawama

KAA jukwaani Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, siku Namungo inacheza, uone neno chenga linavyopendwa. Winga anamzuga beki kwa bega, beki anaenda kushoto, yeye kulia. Jukwaa linalipuka: “Kamuuza!” Mpira ukipita katikati ya miguu, hilo tobo. Ukirushwa juu ya kichwa na kuchukuliwa nyuma yake, beki kavishwa kanzu, na kijiweni ataivaa wiki nzima.

Waingereza wana dodge yao, nasi tumeichukua ikawa doji. Ila doji haina utamu wa chenga. Anayedoji anakimbia kitu: shule, kazi, deni. Anayepiga chenga anakufuata kwanza, anakuonyesha mpira, ndipo anaondoka nao.

Nje ya uwanja neno linageuka. Mkulima aliyepeleka korosho chama cha msingi, mnada ukapita na malipo hayaonekani, atakwambia fedha inampiga chenga. Hapo hakuna anayeshangilia. Fundi cherehani wa “njoo kesho” naye ni walewale, tena huyo hachoki.

Sheria za soka nazo zina mpaka wake. Mpiga penalti ruksa kumzuga kipa wakati anaukimbilia mpira. Akishamaliza kukimbia, kisha akajifanya anapiga, anakula kadi ya njano na bao halihesabiwi. Kujiangusha kumhadaa mwamuzi, njano. Hata ule ujanja wa mchangani wa kumpigia mpinzani kelele “Acha!” ili adhani ni mwenzake, sheria inaupa njano, ingawa mchangani nani atajali?

Kuna chenga zinazogawa watu. Mghana Bernard Morrison alipotua Yanga mwaka 2020, alipanda juu ya mpira kwa miguu yote miwili. Wapo waliocheka hadi machozi, wapo walioiita dharau.

Namungo nayo imeshapigwa chenga kubwa. Msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2019/20, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Sumbawanga, Simba ikashinda 2-1. Kombe likawaponyoka. Lakini Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, hivyo tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaangukia Ruangwa, na Wauaji wa Kusini wakaenda nayo hadi hatua ya makundi.