Kabla ya Kununua Trela la Pikipiki, Pima Ukuta

Mtu akitaka kununua trela la pikipiki huanza na pikipiki yenyewe: ina kilo ngapi, ziko ngapi, zinapelekwa wapi. Kwa mwenye kiwanja kikubwa huo ni mwanzo mzuri. Kwa mkazi wa fleti ya Parramatta au Blacktown, jijini Sydney, mwenye nafasi moja tu ya gari chini ya jengo, ni mwanzo wa hasara. Trela hufanya kazi saa chache kwa mwezi. Muda uliobaki wote limelala nyumbani. Kwa hiyo swali la kwanza ni litalala wapi, na la pili ni nani atalilaza.

Mita moja ya kuchezea

Kiwango cha maegesho cha Australia, AS 2890.1, kinataka nafasi ya gari kwenye nyumba za makazi iwe na upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 5.4. Kimo kisipungue mita 2.2 kutoka sakafuni hadi kitu cha kwanza kinachoning'inia juu, liwe bomba, taa au boriti. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na nafasi finyu zaidi, kwa hiyo shuka na tepu upime mwenyewe. Toyota Corolla ya milango mitano ina urefu wa karibu mita 4.4. Ukiegesha mkia ukiwa sawa na mstari, mbele hubaki mita moja hadi ukutani. Hiyo ndiyo nafasi yako yote ya kuchezea.

Trela la sanduku ambalo Waaustralia wengi wanalo, la futi sita kwa nne, lina sanduku la mita 1.8 kwa 1.2, na hapo hujahesabu mkono wa mbele wa kuvutia wala matairi yaliyotokeza pembeni. Haliingii. Kinachoingia ni trela la kusimama wima: mkono au sehemu ya mbele hukunjwa, trela likainuliwa likasimama kwa mkia wake, kisha likasukumwa kwa vigurudumu vidogo hadi ukutani. Kampuni ya Kendon ya California ilijipatia jina kwa matrela ya namna hii, na leo wapo watengenezaji wengine kadhaa wanaoyauza. Likishasimama, huchukua kina cha kati ya nusu mita na mita moja, kutegemea muundo.

Wengi huishia kuuliza kina, wakasahau kimo. Tuseme trela likisimama lina kimo cha mita 2.1 na kina cha sentimita 70. Chini ya dari ya mita 2.2 unaona limetosha, tena sentimita kumi zimebaki. Lakini wakati wa kuliinua, kona yake ya juu hupita kwenye upinde, na umbali wa kona hadi kona ni mita 2.21. Litagonga bomba kabla halijasimama, sawa na kabati linalokataa kusimama katika chumba ambacho kwa vipimo lingeenea. Basi chukua kimo na kina, zidisha kila kimoja kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha uongeze sentimita tano za tahadhari. Kama jibu linazidi dari yako, achana na trela hilo, au ulisimamishe nje penye uwazi na kuliingiza likiwa limesimama, mradi njia na mlango vina kimo cha kutosha na sakafu haina mteremko.

Soma pia kanuni za jengo lako kabla ya kulipa. Kuegesha chochote kwenye eneo la pamoja la fleti za New South Wales kwa kawaida kunahitaji idhini ya umoja wa wamiliki. Na usitegemee barabara iwe gereji yako. Sheria ya jimbo ya mwaka 2021 kuhusu mali iliyotelekezwa hadharani imezipa halmashauri nguvu ya kuchukua matrela yaliyoachwa mitaani muda mrefu bila kusogezwa.

Mtihani wa mtu mmoja

Dar es Salaam au Mombasa, pikipiki hupandishwa kwenye kenta na vijana watatu au wanne wanaopatikana hapo hapo. Mmoja anashika usukani, wengine wananyanyua mkia, na kazi inaisha kwa bei ya soda. Sydney, saa kumi na moja alfajiri ya siku ya kwenda kukimbiza pikipiki kwenye uwanja wa mbio wa Eastern Creek, uko wewe na trela lako. Jioni unarudi umechoka, giza limeingia, na jirani anataka kupita. Usipoweza kulikunja trela peke yako katika hali hiyo, utaliacha barabarani leo, kesho utaliacha tena, na fedha uliyolipia sifa ya kukunjika itakuwa imepotea.

Kwa sababu hiyo uzito wa trela tupu una maana kubwa kuliko wanavyodhani wanunuzi wengi. Trela jepesi la reli likiwa na kilo 120 au 150, mtu mzima anaweza kuliinua kwa mbinu na subira, hasa likiwa na springi au winchi ya kusaidia. La sanduku la chuma lenye kilo 200 na zaidi linaweza kumwangukia. Wapo wanaolisimamisha ukutani hivyo hivyo, lakini bila mnyororo uliofungwa kwenye ukuta imara, hiyo ni ajali inayosubiri mtoto apite.

Kupakia nako kuna hesabu yake. Ukiwa na ubao wa kupandishia wa mita mbili, na sakafu ya trela iko sentimita 60 juu ya ardhi, kila kilo kumi za pikipiki zinakudai nguvu ya kilo tatu kuisukuma. Honda Africa Twin ina karibu kilo 230, kwa hiyo unasukuma karibu kilo 70 huku ukiisawazisha isianguke. Shusha sakafu hadi sentimita 30, mzigo wa mikono yako unakuwa nusu. Ndiyo maana wenye pikipiki nzito hupenda trela ambalo sakafu yake hushuka hadi chini kabisa: unaisukuma pikipiki kama unaingia sebuleni, kisha sakafu inainuliwa. Ubaya wake ni kwamba matrela ya aina hii huwa mazito, na mengi hayakunjiki. Mwenye nafasi finyu analazimika kuchagua kati ya urahisi wa kupakia na urahisi wa kuhifadhi. Vyote viwili kwa pamoja hupatikana kwa nadra na kwa bei kubwa.

Bei ya kukunjika

Kila bawaba na kila pini ya kukunjia ni mahali ambapo chuma kinaweza kulegea. Trela la kukunjwa linahitaji kukaguliwa pini, nati na vifungo vyake kila safari, jambo ambalo mwenye chesi ya kipande kimoja halimsumbui sana. Angalia pia nyaya za taa zinavyopita kwenye maungio. Zikibanwa kila unapokunja, siku moja utakuwa barabarani bila taa za breki.

Matairi ni bei nyingine. Ili trela likunjike dogo, baadhi ya watengenezaji huweka rimu za inchi nane badala ya 13. Tairi la rimu ya inchi nane huzunguka karibu mara 760 kwa kila kilomita. La inchi 13, la ukubwa unaotumika kwenye matrela mengi, huzunguka kama mara 535. Kutoka Sydney hadi Newcastle, karibu kilomita 160 kwa barabara kuu ya M1, beringi za tairi dogo zitakuwa zimezunguka zaidi ya mara 120,000, na za tairi kubwa takriban 86,000. Joto hupanda, grisi huyeyuka. Kwa safari za ndani ya jiji tairi dogo si tatizo. Anayekwenda mara kwa mara kwenye vilima vya mchanga vya Stockton, ng'ambo ya Newcastle, atafute rimu kubwa hata kama zitamnyima sentimita chache za hifadhi.

Kilo zilizoandikwa kwenye kibao

Kila trela linalosajiliwa Australia lina kibao chenye herufi ATM. Huo ndio uzito wa juu kabisa ambao trela na mzigo wake vinaruhusiwa kufikia. Toa uzito wa trela tupu, kinachobaki ndicho unachoweza kubeba. Trela la kukunjwa lenye ATM ya kilo 500 na uzito mtupu wa kilo 160 linabeba kilo 340. Pikipiki mbili za motokrosi aina ya Honda CRF450R, kila moja karibu kilo 110, zitatosha pamoja na mafuta na vifaa. BMW R 1250 GS moja, kilo 249, itatosha. Mbili hazitatosha, hata kama trela lina reli mbili na muuzaji anatabasamu.

Trela ambalo magurudumu yake hayabebi zaidi ya kilo 750 linaruhusiwa kutokuwa na breki zake, na matrela mengi ya pikipiki yako chini ya kiwango hicho. Hata hivyo gari lako nalo lina kikomo chake cha kuvuta trela lisilo na breki, na kwa magari madogo kikomo hicho kinaweza kuwa chini sana ya kilo 750. Kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Dereva mwenye leseni ya muda ya P1 katika jimbo la New South Wales haruhusiwi kuvuta trela lenye uzito mtupu unaozidi kilo 250, na mwanafunzi wa udereva haruhusiwi kuvuta kabisa.

Namna ya kupanga mzigo ni muhimu sawa na kiasi chake. Karibu asilimia kumi ya uzito wote ikae kwenye tufe la chuma la milimita 50 linalounganisha trela na gari. Trela likiwa na jumla ya kilo 400, mkono wake unapaswa kukandamiza kwa kilo 40 hivi; weka mizani ya bafuni chini yake uone. Ukiwa mwepesi mno, trela litaanza kuyumba kama mkia, ukifika mwendo wa barabara kuu. Sogeza pikipiki mbele kidogo upime tena.

Mwongozo wa kufunga mizigo uliotolewa na Tume ya Taifa ya Usafiri mwaka 2018 unataka vifungo viweze kuzuia asilimia 80 ya uzito wa mzigo usiende mbele, na asilimia 50 usiende pembeni wala nyuma. Kwa pikipiki ya kilo 250 hiyo ni kilo 200 mbele na 125 kila upande. Stendi ya pembeni haiwezi kazi hiyo. Tairi la mbele liingie kwenye kibanio, kisha mikanda minne ya kukaza, miwili mbele na miwili nyuma, ivute kwenda chini na nje. Kaza hadi shokapu za mbele zibonyee karibu nusu, zisibonyezwe hadi mwisho. Simama ukague baada ya kilomita chache, maana mikanda hulegea mzigo unapotulia.

Nani anunue nini

Anayesafirisha pikipiki mara mbili au tatu kwa mwaka asinunue. Sydney ina kampuni za kukodisha, Kennards Hire ikiwa mojawapo, zenye matrela ya pikipiki kwa malipo ya siku. Trela lako mwenyewe utalilipia usajili kila mwaka hata likilala miezi kumi.

Mwenye pikapu au gari kubwa la porini na pikipiki moja nyepesi ya mchangani anaweza kufikiria kibebeo kinachoning'inia kwenye kishikizo cha kuvutia. Nyumbani kinatundikwa ukutani. Asome kwanza gari linaruhusu kilo ngapi kwenye tufe, kwa sababu pikipiki ya kilo 110 pamoja na kibebeo chake huzidi kikomo cha magari mengi madogo, na ahakikishe namba na taa za gari hazifunikwi.

Aliyebaki, yule anayekwenda kila mwezi na hana zaidi ya ile mita moja mbele ya gari, ndiye wa trela la kusimama wima. Alipime kwa dari yake, alisome kibao chake, kisha aombe alikunje, alisimamishe na alilaze tena mbele ya muuzaji, bila msaada wa mtu. Muuzaji akikataa, aende duka lingine.